Kutoka Delhi hadi Kochi kwa treni: kumbukumbu za Januari

Kabla ya kuondoka

Wengi wetu tunaokwenda India kutoka Afrika Mashariki huenda kutibiwa, kusoma au kununua bidhaa, na tukimaliza shughuli hurudi tukiwa tumeujua mji mmoja tu. Mimi na dada yangu tulitaka kuipita nchi kwa urefu wake, kutoka kwenye ukungu wa kaskazini hadi kwenye minazi ya kusini, na kuandika kila siku yale ambayo yangemsaidia atakayefuata nyuma yetu.

India ina majimbo 28 na maeneo 8 yanayosimamiwa na serikali kuu, na katiba yake inazitaja lugha 22. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, unaobeba mengine yote, ni huu: usiipangie nchi hii mpango mmoja. Unapovuka jimbo hubadilika chakula, lugha, sheria ya pombe, hata namna ya kukodi bajaji. Vinavyobaki vilevile kila uendako ni rupia na reli. Jifunze hivyo viwili barabara. Mengine uyaulize upya kila unaposhuka.

Viza tuliomba mtandaoni. Hakikisha anwani ya tovuti inaishia na gov.in, maana zipo nyingi za mawakala zinazofanana nayo na zinatoza mara kadhaa zaidi. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na kurasa mbili tupu. Jibu huja kwa barua pepe, lichapishe. Kisha kuna kadi ya njano. Anayetoka nchi ambayo India inaihesabu kuwa na homa ya manjano, kama Kenya au Uganda, lazima aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Usiiache kadi hiyo kwenye begi kubwa.

Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi nyingi za kule, kwa hiyo adapta ni ya lazima. Na kama unakwenda Januari, funga sweta nzito pamoja na nguo za joto la pwani. Vyote viwili utavivaa.

Jumanne, Delhi

Tulifika alfajiri. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na nchi nzima, pamoja na ukubwa wake, inatumia majira hayo hayo. Afisa wa afya aliitazama kadi ya njano hata kabla ya pasipoti kufika dirishani.

Rupia tulizipatia huko huko. Tulibadilisha kiasi kidogo uwanjani, kilichobaki tukakitoa kwenye mashine ya benki mjini. Kabla hujaondoka dirishani, angalia noti moja moja. Iliyochanika au kuandikwa-andikwa, irudishe, maana mtaani hakuna atakayeipokea. Noti ya rupia 2,000 nayo iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023, ukipewa, ikatae. Omba nyingi za 10, 50 na 100, kwa sababu chenji ni tatizo la kila siku.

Utaona kila muuza chai amebandika kibao cha msimbo wa kulipia kwa simu, na wenyeji wanalipa hata kikombe kimoja kwa njia hiyo, kama sisi na M-Pesa. Mfumo huo umefungamana na benki za India, na kadi ya kigeni kwa kawaida haipiti. Mgeni ajitayarishe kutembea na fedha taslimu.

Kuna treni ya metro kutoka Terminali 3 hadi stesheni ya New Delhi, ya haraka na isiyo na mabishano ya nauli. Mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi, na abiria hupapaswa, wanawake katika foleni yao. Ndani ya mji, kwenye njia nyingi za metro behewa la kwanza ni la wanawake peke yao. Dada alilipenda sana. "Wewe shuka Chandni Chowk, mdogo wangu, tutakutana getini," akaniambia, na tangu hapo ndivyo tulivyosafiri saa za msongamano.

Hoteli ilichukua nakala ya pasipoti na viza na kujaza fomu ya wageni inayokwenda serikalini. Nyumba nyingi ndogo za kulala hazina utaratibu huo, na zitakukatalia mlangoni usiku wa manane hata kama umeshalipa mtandaoni. Piga simu kabla uulize swali moja: mnapokea wageni wa nje?

Jumatano, Delhi

Siku ya tiketi, na siku hii naiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyoibeba safari yote.

Ghorofa ya kwanza ya stesheni ya New Delhi ipo ofisi ya watalii wa kigeni. Hapo mgeni mwenye pasipoti hukata tiketi kutoka kwenye fungu la viti lililotengwa kwa ajili yake, hata pale ambapo mtandao unasema treni imejaa. Tatizo ni njia ya kufika juu. Mlangoni alitusimamisha kijana mtanashati, akaangalia tiketi ambayo hatukumwomba aiangalie, akasema ofisi imehamishwa na kwamba bajaji yake itatupeleka ilipo. Haijahamishwa. Huo ni mchezo wa miaka mingi, na mwisho wake huwa kwenye duka la wakala anayekuuzia gari na dereva kwa bei ya kutisha. Sema "hapana, asante", usisimame, panda ngazi. Stesheni zote kubwa zina watu wa namna hii, na dawa yake ni moja: maelezo yachukue kwa mtu uliyemfuata wewe, dirishani, na si kwa mtu aliyekufuata.

Madaraja ya treni usiyachanganye. Daraja la vitanda lisilo na kiyoyozi ni nafuu sana, madirisha wazi, wachuuzi wengi, na shuka hupewi. Juu yake lipo la kiyoyozi lenye vitanda vitatu vitatu, kisha lenye viwili viwili. Haya mawili hutoa shuka, mto na blanketi. Sisi tulichukua la vitanda vitatu: bei yake ni ya wastani, na abiria ni familia, wanafunzi na wafanyakazi wanaopenda mazungumzo. Omba kitanda cha juu kama una mizigo ya thamani na miguu mizima. Cha chini ni kizuri kwa mzee, lakini mchana kitakuwa kiti cha kila mtu.

Tiketi yenye herufi WL ipo kwenye orodha ya kusubiri. Iliyokatwa mtandaoni, ikifika saa ya kufunga orodha bado haijapata nafasi, inajifuta yenyewe, fedha hurudishwa, na kupanda huruhusiwi. Yenye RAC inakupandisha, ila kitanda kimoja cha pembeni mnagawana watu wawili kwa kukaa. Ipo pia tiketi ya dharura iitwayo Tatkal, inayofunguliwa siku moja kabla ya safari. Mabehewa ya kiyoyozi huanza saa 4 asubuhi na yasiyo na kiyoyozi saa 5. Huisha ndani ya dakika chache.

Saa kwenye tiketi zinahesabiwa kutoka usiku wa manane. 22:30 ni saa nne na nusu usiku kwetu. Mtego mkubwa ni treni za baada ya saa sita usiku: tiketi ya tarehe 12 yenye saa 00:20 maana yake unakwenda stesheni usiku wa tarehe 11. Ukienda usiku wa 12, treni yako iliondoka jana.

Angalia pia jina la stesheni hadi herufi ya mwisho. Delhi ina New Delhi, Old Delhi, Hazrat Nizamuddin na Anand Vihar, na kuvuka kutoka moja hadi nyingine jioni ni zaidi ya saa nzima.

Alasiri tulikwenda Jama Masjid. Viatu nje, magoti na mabega yafunikwe. Vichochoro vya jirani ndipo tulipokula nyama ya kuchoma na mikate ya moto bila kuuliza maswali mengi kuhusu halali. Hewa ilikuwa nzito ya moshi, kama ilivyo Delhi kila majira ya baridi. Mwenye pumu abebe dawa na barakoa, au aikwepe kabisa Delhi kuanzia Novemba hadi Januari.

Alhamisi, Agra

Taj Mahal hufungwa Ijumaa. Watu huvuka bahari wakafika siku hiyo hiyo, kwa hiyo ratiba yetu ya kaskazini yote ilipangwa kuizunguka Alhamisi. Siku za kufungwa zinastahili ukurasa wake kwenye daftari lako: Red Fort ya Delhi ni Jumatatu, mapango ya Elephanta ya Mumbai Jumatatu, sinagogi la Kochi Jumamosi.

Treni ya asubuhi kutoka Hazrat Nizamuddin inaweza kufika kilomita 160 kwa saa, lakini ukungu uliilazimisha kwenda polepole. Kiingilio cha mgeni ni rupia 1,100, na 200 zaidi ukitaka kuingia kwenye kaburi lenyewe. Lipia zote. Chakula, tripodi na mabegi makubwa hayaingii. Mfalme Shah Jahan alianza kulijenga mwaka 1632, baada ya mkewe Mumtaz Mahal kufariki katika uzazi mwaka uliotangulia, na picha zote nilizokwisha kuziona hazikuniandaa kwa ukubwa wake wala kwa ukimya uliotushika sote tuliokuwa foleni. Tulikaa hadi jua likapasua ukungu. Usiende na ratiba ya saa moja.

Ijumaa, Delhi

Sala ya Ijumaa, kufua, kulala. Usiku tukapanda treni ya Varanasi.

Jumamosi, Varanasi

Treni ilichelewa saa nyingi. Kuanzia mwishoni mwa Desemba na Januari yote, ukungu wa bonde la mto Ganga huichelewesha reli ya kaskazini, na mwenyeji hashangai. Usipange ndege ya kuunganisha siku unayoshuka kwenye treni ya usiku huko. Namba ya kupiga ni 139, ya reli. Ya dharura yoyote ni 112.

Hapa tena majina: stesheni ya Varanasi Junction na ile ya Banaras ni mbili tofauti, ingawa ni majina mawili ya mji mmoja. Mwambie mwenye nyumba mtafikia ipi.

Jumapili, Varanasi

Vichochoro vya mji mkongwe haviingizi gari. Hoteli iliyo karibu na mto itakudai kubeba begi kwa mkono kupita ng'ombe, pikipiki na mahujaji, kwa hiyo begi lako liwe dogo.

Ngazi za mto huitwa ghat. Alfajiri tulikodi mashua ya makasia. Bei ipatane kabla ya kupanda, na iwe ya mashua nzima kwa saa, usikubali maneno ya "utanipa utakacho". Jua linapochomoza watu wanaoga, wanaomba, wanafua, wote katika maji yale yale, na mgeni anapaswa kukaa kimya aangalie. Jioni ibada ya taa hufanyika kwenye ghat ya Dashashwamedh. Fika mapema upate nafasi.

Manikarnika ni ngazi ya kuchomea maiti, mchana na usiku. Weka simu mfukoni. Pale kuna familia iliyofiwa, na kupiga picha ni dharau ambayo hakuna mtu angeivumilia kwenye maziko ya mzazi wake. Wapo pia wanaojitolea kukueleza ibada, kisha wakadai mchango wa kuni za maskini. Huna wajibu huo. Ondoka kwa adabu.

Chakula karibu na mahekalu ni cha mboga tupu, kitamu mno. Kwenye pakiti za dukani, doa la kijani ndani ya mraba wa kijani linamaanisha hakuna nyama. Alama ya kahawia inamaanisha ipo, au yai. Pakiti hizo hizo zina bei ya juu iliyochapishwa, MRP, na muuzaji haruhusiwi kuizidisha. Kwa chupa za maji hili litakuokolea fedha kila siku. Hakikisha tu kifuniko hakijafunguliwa.

Jumatatu, ndani ya treni

Varanasi hadi Mumbai ni kama kilomita 1,500, zaidi ya usiku na mchana. Ndege ingetufikisha kwa saa mbili na tusingeona kitu. Nasisitiza: fanya angalau safari moja ndefu ya treni.

Kila behewa lina maisha yake. Mchana kitanda cha kati hukunjwa na watu hukaa. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni muda wa kulala, na mwenye kitanda ana haki ya kukifungua. Mnyororo na kufuli dogo vya kufungia begi chini ya kiti huuzwa stesheni, na kila abiria mwenyeji anavyo. Nunua.

Familia iliyokaa mbele yetu ilifungua vyombo vya chakula saa moja baada ya kuondoka, ikatukaribisha kabla haijatuuliza majina. Sisi tulikuwa na korosho, tukazitoa. Nimewahi kusikia onyo la kutokula chakula cha mtu usiyemjua kwenye treni, na onyo hilo lina msingi, hasa kwa anayesafiri peke yake na mtu mmoja anayemng'ang'ania. Kula pamoja na bibi, wajukuu na mama mtu kutoka chombo kimoja ni jambo jingine.

Tutasema pia lililo kweli kuhusu sisi weusi: watu watakutazama, tena kwa muda mrefu. Wengi ni udadisi mtupu, na mara nyingi hufuatiwa na ombi la picha. Una haki ya kukataa. Dada alikubali za wanawake na watoto, akakataa za vijana wa kiume waliokuja kwa kundi, na hakuna aliyegombana naye.

Jumanne, Mumbai

Asubuhi mashamba ya migomba ya Jalgaon, halafu milima, halafu treni ikaanza kuteremka kuelekea bahari na sweta zikaingia begini. Tulishuka Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, jengo la karne ya 19 lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004. Geuka ulitazame kutoka ng'ambo ya barabara kabla ya kutafuta teksi.

Na hapa sheria za Delhi zilikwisha. Delhi dereva wa bajaji hutaja bei na unabishana naye. Hapa mita huwashwa na unalipa inachosema. Ila kusini mwa Mumbai bajaji haziruhusiwi kabisa, ni teksi nyeusi na njano tu. Kwa Uber au Ola, dereva atakuuliza tarakimu nne zilizo kwenye simu yako kabla hajaondoka. Mpe ukiwa umeshapanda na umehakiki namba ya gari.

Jumatano, Mumbai

Treni za mjini ndizo uti wa mgongo wa Mumbai. Zipande kati ya saa 5 na saa 9 mchana. Asubuhi na jioni watu hushuka kwa kusukumwa, milango ikiwa wazi treni inakimbia, na mwenye mtoto au begi asijaribu. Yapo mabehewa ya wanawake, na daraja la kwanza lina nafasi zaidi. Treni ya haraka huruka vituo, kwa hiyo soma ubao.

Alhamisi, ndani ya treni

Treni ya Kochi tuliipanda stesheni ya Lokmanya Tilak Terminus, mbali na ile tuliyoshukia. Reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998, inapita kati ya milima na bahari kwa zaidi ya kilomita 700 za madaraja na mahandaki. Alasiri yote tulikuwa dirishani. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua treni inayoipita sehemu hii mchana.

Ijumaa, Kochi

Tuliamka kwenye minazi. Lugha ya wachuuzi ilikuwa imebadilika usiku: Kihindi tulichookoteza kaskazini hakikutusaidia tena, Kiingereza kilisaidia zaidi. Kule juu dereva ulimwita bhaiya. Kerala, jimbo la Kochi, utamwita chetta, na uso wake utafunguka. Pakua lugha za programu ya tafsiri mapema, ukiwa na mtandao wa uhakika: Kihindi, Kimarathi, Kimalayalam.

Treni ilisimama Kozhikode, ambako Vasco da Gama alifika Mei 1498 akiongozwa na rubani aliyempata Malindi. Kisha Ernakulam, upande wa bara wa Kochi, yenye stesheni mbili, Junction na Town. Treni nyingine husimama moja tu.

Jumamosi, Kochi

Kivuko cha serikali kutoka Ernakulam hadi Fort Kochi ni cha rupia chache, na ipo pia metro ya majini iliyoanza mwaka 2023. Mchana tulikula mhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki mwekundu kwa pilipili. Nyama ya ng'ombe, ambayo Uttar Pradesh, jimbo la Agra na Varanasi, kumchinja mnyama wake ni kosa la jinai, hapa imeandikwa kwenye orodha ya mkahawa. Kula kwa mkono wa kulia. Mengine mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa.

Anayetaka kufika kusini miezi mingine akumbuke kwamba mvua za kusi hugonga Kerala karibu na tarehe 1 Juni na huendelea hadi Septemba. Oktoba hadi Machi ndiyo majira ya msafiri.

Jumapili, Kochi

Sinagogi la Paradesi, la mwaka 1568, lilikuwa wazi leo. Kanisa la Mtakatifu Francis, alikozikwa Vasco da Gama mwaka 1524 kabla mifupa yake haijapelekwa Ureno, hufunguliwa kwa wageni ibada ikiisha. Vyote viwili vinafikika kwa miguu au bajaji fupi.

Uwanja wa ndege uko Nedumbassery, mbali na Fort Kochi, na foleni ya magari haitabiriki, hivyo toka mapema mno. Mlangoni askari hutaka tiketi na pasipoti kabla hujakanyaga ndani, na anayekusindikiza hupewi ruhusa ya kuingia naye. Agana naye nje, na tiketi iwe imechapishwa.